Nakala na Asili: Amana ya Video za Nyumbani Mwetu

 

Ndugu zetu Waislamu, na khasa nyinyi mama zetu na dada zetu mnaotusoma kila juma, leo twataka kuzungumza jambo ambalo huenda baadhi yenu mkastaajabu kuliona katika safu hii. Ni jambo la video: jinsi ya kuyapanga mafaili yake na jinsi ya kuzitoa katika kompyuta zikawafikia watu. Mtatuuliza, sheikh na kompyuta wapi na wapi? Jawabu letu ni kisa kilichotufika sisi wenyewe hapa Jomvu Kuu, nacho twakisimulia kwa haya.

Miaka michache iliyopita wanafunzi wakubwa wa madrasa yetu walikusudia kutengeneza filamu fupi ya kuonyeshwa usiku wa Maulidi. Walitaka wazee wa mji waeleze maisha ya zamani. Jomvu, kama mjuavyo, ni mmojawapo wa ile Miji Tisa, na maneno yake ya asili yamebaki katika vinywa vichache. Wakamwendea bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa amepindukia miaka 90. Bibi alizungumza nao kwa saa moja na ushei. Akawaeleza walivyovuka hori kwa mitumbwi kwenda kisiwani, akawatajia visima kwa majina, akawasomea dua alizofunzwa na mamake, na baina ya hayo akawatania na kuwakaripia kwa Kijomvu ambacho vijana wenyewe nusu yake hawakukifahamu. Filamu ilitoka ya dakika 12, na humo sehemu ya bibi ni dakika 3. Watu waliipenda, wakaigawa kwa simu zao, nasi tukashukuru tukaona kazi imekwisha.

Bibi alifariki mwaka uliofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya siku za matanga mwanawe alikuja madrasani, akaketi, akatuambia kwa upole: “Maalim, naomba yale maneno yote ya mama. Nataka watoto wangu wayasikie.”

Tukawaita vijana. Kompyuta ilipofunguliwa, mradi wa filamu ulikuwamo, jina lake limeandikwa vizuri. Walipoufungua, kila mahali palipokuwa na picha palikuwa pekundu, na maandishi yakisema faili halipatikani. Ikabainika kwamba video zenyewe hazikupata kuingizwa katika kompyuta. Wakati wa kuhariri zilikuwa zikisomwa kutoka kwenye memori kadi. Na kadi ile, kazi ilipokwisha, ilifutwa ili ipigiwe harusi. Ile filamu ya dakika 12 nayo faili lake zuri halikuonekana. Kilichobaki ni nakala iliyopita katika WhatsApp, ambamo uso wa bibi waonekana kama uso wa mtu aliye nyuma ya kioo chenye mvuke.

Hatuwalaumu vijana. Sisi ndio tuliokuwa wasimamizi, na sisi ndio tuliosema, “Filamu ipo, basi.” Tulidhani nakala ndiyo asili.

Tangu siku ile tumekaa chini kujifunza, na haya tuwaelezayo ni matunda ya kuuliza, maana kwa hili sisi ni wanafunzi wa wanafunzi wetu.

La kwanza tulilolifahamu ni kwamba programu ya kuhariri video haizimezi video mnazozitia. Yenyewe huandika tu kwamba kipande fulani kiko mahali fulani, kianzie hapa na kikomee pale. Daftari la madrasa lina majina ya watoto wote, lakini watoto hawamo ndani ya daftari. Mkiihamisha madrasa usiku bila ya kusema, mwalimu atasoma majina asubuhi na hapana atakayeitika. Ndivyo mradi ulivyo. Faili lake ni dogo, pengine megabaiti chache tu, ilhali video zenyewe ni gigabaiti kadhaa. Ukizihamisha, ukazibadilisha majina au ukazifuta, daftari litabaki likiita majina ya wasiokuwapo.

La pili ni hiyo kazi ya mwisho, ambapo programu huyakusanya mapande yote na kuyafunga kuwa faili moja liwezalo kutazamwa popote. Vijana huiita kueksipoti. Sisi tutaiita kutoa nakala, kwa sababu ndilo jina litakalotukumbusha hakika yake: kitokacho ni nakala, hata kikipendeza vipi. Kimekatwa, kimebanwa, na kilichoachwa nje hakimo. Kutoka kwenye dakika 12 hakuna hila itakayoirudisha saa moja ya bibi.

Wazee wetu katika dini waliijua tofauti hii kabla ya umeme kuwapo. Baada ya vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar (R.A.) alimwamrisha Zayd bin Thabit aikusanye Qurani. Sahifa zile zilikaa kwake, kisha kwa Sayyidna Umar, kisha kwa Bi Hafsa bint Umar, mama wa waumini. Sayyidna Uthman alipotaka kuipelekea miji nakala, aliziazima kwa Bi Hafsa. Zayd na wenzake wakanakili. Kisha sahifa zikarudi kwa Bi Hafsa. Hatulinganishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na video zetu, hasha lillahi. Twatazama adabu tu: nakala zilienda mijini, na asili ikarudi kwa mwenye kuaminiwa, naye alikuwa mwanamke.

Na hapa Mombasa tuna mfano wa karibu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyeishi 1776 hadi 1840, yalikuwa yakielea vinywani mwa watu. Aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, akisaidiana na kasisi Mwingereza W. E. Taylor. Nao waliandika pia maelezo ya maneno na mambo ambayo msomaji wa baadaye asingeyajua. Diwani ilipochapishwa Johannesburg mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens, ilitokana na karatasi zile. Lakini karatasi zenyewe zimo maktabani SOAS, London, na mjukuu wa Mvita atakaye kuiona asili ya maneno ya babu yake sharti asafiri. Twawashukuru walioyahifadhi; hata hivyo yafaa tujiulize ni nani aliyekuwa na asili na ni nani aliyebaki na nakala.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana majuto bila ya matendo hayamnufaishi mwana wa bibi.

Kila shughuli ipewe folda yake moja. Jina la folda lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu: 2024-09-15, kisha neno moja au mawili ya kulitambulisha jambo. Mwaka ukitangulia, kompyuta itazipanga folda zote kwa mfuatano wa siku bila ya kuombwa. Siku ikitangulia, tarehe 1 ya kila mwezi itakaa pamoja na mambo yatachanganyika kama ndara mlangoni mwa msikiti. Ndani ya folda hiyo wekeni folda ndogo: moja ya asili, yaani video kama zilivyotoka kwenye kamera au simu, wala msiziguse tena; moja ya sauti; moja ya picha na maandishi; moja ya mradi; na moja ya nakala zilizotolewa. Lote hili lifanywe kabla ya kuanza kuhariri, ili programu izisome video mahali pake pa kudumu wala si kwenye kadi. Pale ndipo vijana wetu walipoteleza.

Na majina ya mafaili yawe na maana. Simu huita video zake kwa namba ndefu zisizomwambia mtu kitu. Na vijana wana maradhi mengine: faili la kwanza huliita “mwisho”, likirekebishwa huitwa “mwisho kabisa”, na la tatu “mwisho kweli”. Tumewaambia waandike 01, 02, 03, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye la mwisho ni lipi.

Tumeongeza jambo moja ambalo wenye fani wanalifanya kwa majina yao, nasi tumelipa jina letu. Ndani ya kila folda kuna faili dogo la maandishi liitwalo isnadi. Limeandikwa ni nani anayezungumza, mwana wa nani, mahali gani, siku gani, ni nani aliyepiga, ni nani aliyehariri, na mwenyewe ameruhusu maneno yake yafike wapi. Hadithi isiyo na isnadi wanavyuoni huitilia shaka. Na uso usio na jina, baada ya miaka 30, ni uso tu.

Katika kutoa nakala, swali la kwanza ni: nakala hii yaenda kwa nani? Hakuna nakala moja iwafaayo wote. Toeni kwanza nakala kuu, yenye ubora wote uliomo katika video zenu, muiweke wala msiitume popote. Nyingine zote zitokane na hiyo kuu au na mradi wenyewe. Msitoe nakala kutoka kwenye nakala iliyokwisha kubanwa, kwani kila kubanwa hupoteza kitu, na kilichopotea hakirudi.

Kwa nyumba nyingi faili la MP4 latosha. Lakini jueni kwamba MP4 ni kasha tu. Kilicho ndani chaweza kubanwa kwa njia mbalimbali. Njia iitwayo H.264, iliyokuwako tangu 2003, husomwa karibu na kila televisheni na kila simu. Ile mpya zaidi, H.265 ya 2013, huokoa nafasi, na simu nyingi za leo huitumia, lakini televisheni za zamani haziijui: mtasikia sauti na msione picha, au faili likatae kabisa. Mama mmoja alituletea flashi ya harusi ya bintiye akiamini kwamba imeharibika. Haikuwa na lolote, video ilibanwa kwa H.265 tu na televisheni yake ni ya kale. Kijana aliitoa upya kwa H.264, na mama akaenda nyumbani na harusi yake. Idadi ya fremu kwa sekunde iachwe kama ilivyopigwa, 25 au 30, la sivyo watu watatembea kwa kushtukashtuka.

Upo pia mtego wa flashi, nao umewatoa watu wengi machozi. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, nao haupokei faili moja lizidilo gigabaiti 4, hata kama flashi ina nafasi ya gigabaiti 32 tupu. Sasa fanyeni hesabu nasi. Video yenye pikseli 1920 kwa 1080 hutolewa vyema kwa megabiti 8 kwa sekunde. Biti 8 ni baiti 1, basi hiyo ni megabaiti 1 kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, yaani gigabaiti 3.6, na flashi itapokea. Harusi ya saa 1 na dakika 20 ni sekunde 4,800, gigabaiti 4.8, na flashi itakataa. Ama mpunguze hadi megabiti 5 kwa sekunde, ipate gigabaiti 3. Ama mkate harusi vipande viwili. Ama muipange flashi upya kwa mtindo wa exFAT, mkiwa na yakini kwamba televisheni yenu yausoma, na mkumbuke kwamba kuipanga upya ni kuifuta.

Na hiyo WhatsApp, msiilaumu. Ukituma video kama video, huibana ili ipite upesi. Ukiituma kama hati, hufika kama ilivyo, na tangu 2022 hupokea faili la hadi gigabaiti 2. Laiti tungalilijua hili, tungalau na dakika 3 za bibi zilizo safi.

Hapa twataka kusema nanyi mama zetu kwa urefu kidogo, kwa sababu video nyingi zipigwazo katika mji wetu ni za harusi, na katika harusi iliyopigwa zaidi ni siku ya wanawake. Mmevua mabuibui, mmejipamba, mmecheza baina yenu kama mlivyohalalishiwa. Mpiga picha ni mwanamke, mlango umefungwa, hakuna mwanamume. Vyema. Lakini je, mwajua video ile inakwenda wapi mlango ukifunguliwa? Mara nyingi apigaye siye ahaririye. Kadi hupelekwa dukani, huingizwa katika kompyuta ya mtu msiyemjua, nakala hutolewa, nanyi hupewa flashi moja yenye maua juu yake. Asili imebaki kwa nani? Tumewauliza mama kadhaa swali hili, na wote walitazamana.

Basi kabla ya kulipa amana ya kwanza, afikianeni kwa maandishi: ni nani atakayehariri, asili atakabidhiwa nani, na baada ya kukabidhiwa ifutwe katika kompyuta ya dukani baada ya siku ngapi. Ombeni nakala mbili tofauti. Moja ni ya nyumba, ina kila kitu, yakaa na bibi harusi au mamake. Ya pili ni ya kutembea: ina mapambo, vyakula, wazee, watoto, na dua, wala haina sura ya mwanamke ambaye hakuridhia. Mgeni aliyekuja kucheza hakutoa idhini ya kuonyeshwa Jeddah na Toronto. Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na sisi hatuoni amana nzito kuliko sura ya mtu aliyekuamini akavua ushungi mbele yako. Hata sheria ya nchi iko upande wenu: Katiba ya 2010 yalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yaihesabu picha imtambulishayo mtu kuwa ni data yake. Si lazima mtu awe fakihi wala wakili kumwambia mwenye duka, “Mwanangu, video hii ni haki yetu.”

Tena mfahamu kwamba kufuta si kufuta. Faili likifutwa kwenye kadi, mara nyingi linaondolewa jina tu, na kilichomo hubaki mpaka kiandikwe kingine juu yake. Zipo programu za kukifufua. Kwa hiyo kadi au simu iliyobeba siku ya wanawake isiuzwe wala isiazimwe kwa kuwa tu “tumeshafuta”. Tazameni pia kama simu inapeleka picha zake mtandaoni yenyewe, mkakuta zimetokea katika simu ya kaka au tableti ya watoto. Upande wa pili wa jambo hilo ni rehema: mkifuta kwa bahati mbaya, acheni kuitumia kadi saa ile ile, msipige hata picha moja, mumtafute mjuzi. Kadi ya bibi haikufaa kwa sababu harusi ilikuwa imeandikwa juu yake yote.

Kanda za zamani, zile za VHS zilizo juu ya makabati, twazitaja kwa ufupi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana ikitengeneza mashine zake, iliacha mwaka 2016. Hewa yetu ya pwani ni ya unyevu na kuvu huipenda kanda. Mwenye kanda ya ndoa ya wazazi wake asingoje Maulidi mengine.

Na asili zote, za kanda na za simu, ziwe na nakala tatu: katika vyombo viwili vya namna mbalimbali, na moja ikae nyumba nyingine. Kabla ya kuifuta kadi, fungueni faili la kila video, mlitazame mwanzo wake, kati yake na mwisho wake. Kuliona jina lake hakutoshi.

Mwana wa bibi tulimpa zile dakika 3 zilizofifia, tukamwomba radhi, naye akatusamehe kwa ulimi wake. Baada ya miezi kadhaa binti mmoja, katika wale waliokwenda kwa bibi siku ile, alikuja na simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa amerekodi sauti kwa ajili yake mwenyewe, akakoma chaji ilipokwisha: dakika 22, bila ya picha. Bibi anataja visima, kuku wanasikika, na mahali pamoja anamwambia mtu akae sawa. Sasa sauti hiyo ina folda yenye tarehe yake na isnadi yake. Nakala moja iko madrasani na ya pili iko kwa binti. Asili, pamoja na ile simu iliyopasuka, iko kwa mwanawe, na yeye ndiye atakayesema ni nani aisikie.

Wabillahi tawfiq.